Nyumba ya Chuma na Siku ya Kuhama

“Mtu akijenga nyumba ya chuma, siku ya kuhama ataibeba na nini?”

Mama aliyeniuliza hivyo alikuwa amechutama mbele ya nyumba yake ya fimbo na mikeka huko Biliqo, akikaza kamba ya mkeka kwa mkono mmoja na meno. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu juzijuzi tu, na huko nilijulikana kwa kutomwachia mhadhiri sentensi ipite bila kumuuliza ameitoa wapi. Swali la mama yule lilinikuta mtupu. Nilitabasamu, vile watu wa mjini hutabasamu wasipojua, nikasema, “Mama, mambo yanabadilika.” Akanitazama kidogo, kisha akarudi kwenye kamba yake.

Nilikuwa nimeenda kumwombea binti yake ruhusa ya kusomea uchomeleaji wa vyuma.

Jambo hilo lilianzia kwenye mkutano wa walimu. Ilikuwa miaka ya themanini, mfumo wa elimu ulikuwa ukibadilishwa, na kila mkubwa aliyepita Isiolo alituhubiria kazi za mikono. Nilifundisha historia na Kiswahili katika shule ya upili ya wasichana, katika mji huo huo niliozaliwa. Siku hiyo niliuliza: shule isiyo na hata nyundo ya kugongomea dawati itafundisha ufundi gani? Na hawa wanaousifu ufundi, watoto wao wenyewe wanasomea nini? Mwalimu mkuu, mama mpole wa Kimeru aliyevaa sweta hata kwenye jua la saa nane, alinisikiliza mpaka mwisho.

“Vizuri,” akasema. “Kwa vile maswali unayo, wewe ndiye utasimamia mambo ya kazi. Waulize wasichana wanataka kuwa nini.”

Walimu wakacheka. Ndivyo nilivyopata cheo.

Nikawauliza. Muuguzi, wakasema. Mwalimu. Karani wa kupiga chapa. Mmoja alisema rubani, na wenzake wakaanza kunguruma kama ndege mpaka akakaa chini. Nilipouliza nani amewahi kufikiria kuwa fundi wa mota, au wa umeme, au wa simu, walinitazama kama niliyewauliza nani angependa kuwa fisi.

Basi nikaandaa siku ya wageni. Alikuja fundi wa gereji iliyokuwa karibu na barabara ya kwenda Marsabit, akaleta kabureta iliyofungwa kwa gazeti. Alikuja dada mmoja aliyeunganisha simu kule posta, na wasichana walipenda zaidi viatu vyake kuliko maelezo yake. Wa mwisho alikuwa mwalimu wa vyuma kutoka chuo cha ufundi huko milimani, mzee mfupi mwenye alama ndogondogo za cheche mikononi. Alieleza vizuri, lakini alianza kwa kusema kwamba tangu zamani kujenga ni kazi ya wanaume, ila sasa chuo chake kiko tayari kujaribu wasichana.

Mkono ukainuka nyuma, karibu na dirisha.

“Tangu zamani ya wapi, mwalimu?”

Aliyeuliza alikuwa msichana wa Biliqo, wa kidato cha nne, mrefu, mwenye sauti ya kukwaruza kama mtu aliyezoea kuita mifugo. Darasani alikuwa wa katikati, tena katikati ya upande wa chini. Nilimjua kwa sababu ndiye aliyetengeneza ndala za bweni zima kwa waya.

“Zamani ya kwetu sote,” mgeni akasema.

“Kwetu hapana. Kwetu mwanaume akionekana anajenga nyumba, watu watauliza kama bibi yake amekufa.”

Darasa likavunjika kwa kicheko. Mgeni naye akacheka, akajifuta macho.

“Haya, binti. Lakini hizo ni za miti.”

“Na miti si inapindwa? Nyinyi chuma mnakipinda na nini?”

“Na moto.”

“Sisi na maji, na moto kidogo. Halafu unangoja. Hiyo yenu ni rahisi.”

Mzee alipomaliza chai yake ofisini aliniambia nafasi ipo, anamtaka yule. Ila alikuwa na sharti moja. Wasichana aliowahi kuwapokea walirudishwa nyumbani kuolewa kabla hawajazoea hata kushika koleo, na wakubwa wake sasa walikuwa wakimcheka. Safari hii alitaka mtu aende nyumbani, aongee na wazazi, alete neno lao. “Neno la kweli,” alisema. “Si la kumfukuza mgeni.”

Kwa msichana, mambo yalikuwa mawili tu. Alama zake zisingempeleka chuo kikuu, na alijua. Na kule nyumbani, watu wa ukoo mwingine walikuwa wameshakuja kwa baba yake na kahawa na tumbaku, kama desturi ilivyo unapoomba mke. Ama akaingie karakana, ama akaingie kwenye nyumba yake mwenyewe. Nilimuuliza ni kipi anachotaka. Aliniambia, “Mwalimu, mimi nataka kuona ndani ya ule moto wa bluu.” Sikujua kama hilo ni jibu, lakini nilipanda lori.

Tulipanda, mimi na yeye, la mfanyabiashara mmoja wa Merti, juu ya magunia ya unga na sukari, tukapita Gotu na daraja lake, tukala vumbi mpaka nyusi zetu zikafanana. Njiani nilipanga hoja zangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa mzee mkali. Hoja ya kwanza ilikuwa elimu, ya pili ukame, ya tatu dini, maana dini haijamkataza mwanamke kazi ya halali. Kila hoja nilimpangia baba.

Na baba hakuwa mkali hata kidogo. Aliniamkia, salaam aleikum, akauliza habari za mvua ya Isiolo, habari za bei ya mbuzi, habari za marehemu babu yangu ambaye alimjua kwa jina na kwa mwendo. Tukanywa chai ya maziwa chini ya kivuli cha mkeka. Nikamwaga hoja zangu zote tatu. Alisikiliza akichokonoa meno kwa mswaki.

“Kwa hiyo atajenga vyuma,” akasema.

“Ndiyo, baba.”

“Mimi sijui kujenga hata kibanda cha ndama. Mambo ya nyumba si yangu. Muulize mwenye nyumba.”

Akacheka, nami nikacheka. Nilidhani ni utani wa mzee anayejua kuwatania wasomi. Mjini kwetu mwenye nyumba alikuwa baba; jina lake ndilo lililokuwa kwenye kiwanja, naye ndiye aliyewalipa waashi waliopiga mabati. Mimi nilizaliwa chini ya mabati hayo, na mama yangu pia alizaliwa chini ya mabati mengine mtaa wa pili. Nyanya yangu, ambaye angeweza kunieleza, alikufa kabla sijajua kuuliza. Basi nilihesabu kicheko cha mzee kuwa kibali, nikanyoosha miguu.

Mama yule nilimsalimia tu nilipokuwa napita kwenda kunawa. Ndipo aliponiuliza lile swali la nyumba ya chuma. Kama ningekuwa mkweli ningechuchumaa pale, nishike upande wa pili wa kamba, nimwambie sijui. Lakini nilikuwa nimeshapata nilichofuata, au nilidhani hivyo. Mambo yanabadilika, nikamwambia.

Asubuhi tulipoondoka, msichana alikuja kwenye lori na mzigo mrefu begani: mkeka uliokunjwa, umefungwa kamba mara nyingi, na ndani yake fimbo kadhaa zilizopinda, ncha zimechomoza. Taniboi, yule msaidizi wa dereva, akashika kiuno.

“Huyu anaenda shule ama anahama?”

“We pandisha,” msichana akamwambia.

“Kuni ziko milimani, dada. Huko ni msitu mtupu.”

“Pandisha, au nikupandishe wewe.”

Nilidhani ni malazi yake. Milimani kuna baridi, na watu wa kwetu wakienda mbali hubeba cha kulalia. Mama alikuwa amesimama mbali kidogo, mikono nyuma. Hakuja kutuaga kwenye lori, hakupunga mkono. Nyuma yake, upande mmoja wa nyumba ulikuwa wazi, mikeka imeshushwa, na jua la asubuhi lilikuwa linaingia mpaka penye vyombo vya maziwa. Nikafikiri anaipa nyumba hewa. Kilichonikaa rohoni ni uso wake. Haukuwa na hasira, wala haukuwa na radhi. Na nilipokuwa nayumba juu ya magunia ndipo nilipotambua kwamba neno nililoambiwa nilete, neno la wazazi, nilikuwa nalo nusu.

Nilimwambia mwalimu wa vyuma kwamba wazazi wamekubali.

Miezi ilipita. Wakati huo nilikuwa napeleka wasichana wengine kuona kazi: kituo cha kupampu maji, duka la fundi wa redio, kiwanja kilichokuwa kinajengwa zahanati. Nilikuwa nimeanza kuipenda kazi hiyo, jambo lililoniudhi. Halafu Jumamosi moja nikaenda sokoni kununua maziwa. Mama mmoja miongoni mwa wauzaji akafunika chombo chake nilipokaribia.

“Wewe ndiye yule mwalimu?”

“Mwalimu gani, mama?”

“Aliyemchukua binti wa dada yangu.”

Nikamsalimia upya, kwa heshima zaidi. Haikusaidia.

“Dada yangu hana msichana mwingine. Wale wakubwa wameolewa. Juzi wamehama, ameshusha nyumba peke yake, amefunga peke yake, amepakia peke yake. Unajua alipakia ngamia wangapi?”

“Sijui, mama.”

“Mmoja. Dada yangu, ambaye nyumba yake ilikuwa inalemea wawili!” Akawageukia wenzake. “Mwalimu hajui. Na dada yako wewe, mwalimu, yule mdogo? Naye amesomea chuma?”

“Bado yuko shule.”

“Atasomea nini?”

Nikatazama chombo chake cha maziwa. Dada yangu alikuwa anaandaliwa kwa udaktari, na nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kutaja koleo. Wauzaji wakacheka, si kwa ubaya sana. Yule mama akafunua chombo, akanipimia maziwa yangu, akajaza hadi ukingoni kama kawaida, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Ngamia mmoja. Nililala na maneno hayo, nikaamka nayo. Nilielewa hivi: wamefukarika. Msichana hayupo, hakuna wa kuteka maji wala kufuata ngamia, mmoja amepotea au ameuzwa, na mama anatembea mbele ya yule aliyebaki huku mgongo unamuuma. Sikumuuliza mtu kama nilielewa sawa. Mimi, ninayehoji kila kitu, hilo sikulihoji, kwa sababu lilifanana na nilivyokuwa nikijihisi.

Nikampata dereva wa lori lile, nikampa sukari na majani ya chai ampelekee mama wa msichana. Aliporudi alileta kibuyu cha samli. Kwetu chombo hakirudi kitupu, kwa hiyo nikakijaza sukari, nikakirudisha. Kikaja tena na samli. Hatukuwahi kutumiana neno lolote zaidi ya salamu, mimi na mama yule, lakini chombo kile kiliendelea kupita Gotu huku na huko, na kila nilipokifungua na kunusa ule moshi wa mti wanaofukizia vyombo, nilijiona nimeshtakiwa na mtu mpole mno.

Likizo moja nilipanda mlimani kumwona msichana. Karakana ilikuwa banda refu lenye kelele. Nilimtambua kwa urefu. Alikuwa amevaa ovaroli juu ya gauni, mtandio ameupachika ndani ya kola usishike cheche, na uso wote umefichwa na ngao ya kuchomelea. Mwalimu wake alikuwa anampigia kelele kuhusu mkono wa kushoto, naye alikuwa anamjibu. Alipoinua ngao, uso ulikuwa wa mtu aliyeshiba.

“Umeuona moto wa bluu?” nikamuuliza.

“Ukiutazama unapofuka, mwalimu. Hawakuniambia.” Akacheka. “Lakini nimeuona.”

Walikuwa wanatengeneza bodi za malori. Kule nje lilisimama lori la mifugo, na juu yake mwanafunzi mwingine alikuwa anafunga matao ya chuma, yale mabomba yaliyopindwa ambayo juu yake hutandazwa turubai mvua ikija. Ukutani, kati ya misumeno na vipimo vya chuma, ilining’inia fimbo moja iliyopinda, imeng’arishwa na mikono.

“Hiyo ni ya nini?”

“Ndiyo kipimo chetu cha tao,” mwalimu wa vyuma akasema kabla yake. “Nilikuwa nawapa mchoro, wakipinda hili linatoka hivi, lile vile. Huyu akaenda bwenini, akarudi na hicho kifimbo. Tangu siku hiyo mchoro umekaa kabatini.”

“Nilimwambia asikikate,” msichana akasema. “Kikikatwa nitarudi nyumbani siku hiyo hiyo.”

Nilitazama lile lori, mbavu zake za chuma zikiwa wazi bila turubai, na kwa muda nilimkumbuka mama na kamba yake. Chuma kilichopindwa kama nyumba, na kinahama. Ningependa kusema hapo ndipo nilipopata jibu lake. Lakini lori ni la tajiri, na halihami mvua inakokwenda, linahama bei inakokwenda. Nisingethubutu kumpelekea mama yule jibu la aina hiyo.

Bwenini msichana alinionyesha kitanda chake. Mkeka ule mrefu alikuwa ameutandika juu ya godoro la chuo, ukining’inia pande zote mpaka sakafuni. Fimbo zilizobaki zilikuwa chini ya kitanda, zimefungwa kitambaa. Wenzake walikuwa wamemzoea. Mmoja aliniambia, “Huyu wetu analala juu ya zulia kama sultani.”

“Mama anasemaje?” nikamuuliza tulipokuwa peke yetu. Nilikuwa nimesafiri kutwa kwa ajili ya swali hilo.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua linatoka wapi.

“Kuhusu nini?”

“Kuhusu wewe kuwa hapa.”

“Si ulikuwepo, mwalimu?” akasema, akaupapasa mkeka, akaanza kunieleza habari ya mashine mpya ya kukatia chuma.

Sikurudia swali. Nilidhani ananificha kwa kunionea huruma. Yeye, sasa najua, alidhani namtania. Mimi ni Mborana kama yeye, nimefika kwao, nimesimama hatua chache kutoka nyumba ya mama yake asubuhi ile. Kwa nini asidhani naelewa nilichokiona?

Alimaliza chuo. Alipata kazi kwa watu wanaotengeneza bodi za malori, baadaye akaanza mahali pake mwenyewe, na aliolewa kwa wakati wake na mtu aliyemtaka. Kila wasichana wapya waliponiuliza kama kuna mmoja wetu aliyewahi kufanya kazi kama hizo, nilimtaja, na kila nilipomtaja nilisikia harufu ya ule moshi wa kibuyu. Mama yake alifariki kabla sijarudi Biliqo. Nilikuwa nimejiambia nitarudi.

Miaka mingi baadaye nilialikwa harusi upande wa Garbatulla, kwa jamaa ya mwalimu mwenzangu, watu wa ngamia waliotoka kaskazini zaidi, kama alivyokuwa, nilivyokuja kusikia, mama wa yule msichana wa Biliqo. Asubuhi ya harusi nilimkuta mama wa bibi harusi anabomoa upande mmoja wa nyumba yake. Alitoa fimbo zilizopinda moja baada ya moja, akazilaza juu ya mkeka, akaukunja, akafunga kamba mara nyingi. Jua likaingia mpaka penye vyombo vya maziwa. Nilisimama pale, nikamuuliza mwanamke mzee aliyekuwa kando yangu ni kitu gani kile.

Alinishangaa, kisha akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mgeni. Binti anayeondoka hupewa nusu ya nyumba ya mama yake, kwa mkono wa mama mwenyewe. Aliyechukuliwa bila ridhaa ya mama hapewi hata kijiti. Na ile nusu inayobaki, akasema, huwa ndogo. Siku ya kuhama, ngamia mmoja humtosha mama.